Kuratibu Utalii wa Jamii Asilia Kaskazini mwa Tanzania: Mwongozo Kamili kwa Mratibu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyepewa, au aliyejitwika mwenyewe, kazi ya kuratibu utalii katika vijiji vya Wahadzabe, Wadatoga, Wamasai na Wairaki wa mikoa ya Arusha na Manyara. Magari yanayotoka Arusha kwenda Tarangire, Ziwa Manyara, Ngorongoro na Serengeti hupita kando ya vijiji hivyo kila siku, na kwa miaka mingi kilichobaki nyuma yao kimekuwa vumbi na noti chache zilizoachwa mkononi mwa mtu mmoja. Kwa maoni yangu, maswali mawili ndiyo yanayoamua kama utalii unaongozwa na jamii au unaigeuza jamii kuwa maonyesho: nani ana mamlaka ya kusema hapana, na shilingi ya mgeni inapita mikononi mwa nani kabla ya kufika inakokwenda. Tovuti, vipeperushi na mabango ya barabarani vinaweza kungoja hadi maswali hayo yajibiwe.

Neno moja la tahadhari kabla ya kuanza. Tanzania ilipiga kura ya kuunga mkono Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili mwaka 2007, lakini msimamo wa serikali nyumbani umekuwa kwamba Watanzania wote ni wenyeji wa asili. Kwa hiyo katika barua za maombi na mikataba tumia jina la kijiji na la kundi lenyewe, kama vile "wakazi wa kijiji fulani, jamii ya Wahadzabe", badala ya kufungua mjadala wa istilahi kwenye ofisi ambayo umeifuata kwa ajili ya kibali.

Hatua ya kwanza: Jua unazungumza na nani

Kila jamii ina njia yake ya kufikia uamuzi, na mratibu anayetumia njia moja kwa wote atapata sahihi nyingi na ridhaa kidogo. Kwa Wamasai utaanza na laigwanani, yaani kiongozi wa kimila, na viongozi wa rika, na heshima hiyo isipotolewa mwanzoni hakuna kikao cha baadaye kitakachoifidia. Kwa Wairaki na Wadatoga kuna wazee wanaosikilizwa, sambamba na uongozi wa kitongoji.

Wahadzabe wanahitaji uangalifu wa pekee. Ni watu wapatao 1,300 hivi katika eneo lote la Ziwa Eyasi na bonde la Yaeda, na kwa mila yao hawana chifu. Wanaishi katika kambi ndogo zinazohama kufuata maji, matunda, asali na wanyama, na mtu asiyekubaliana na wenzake kwa kawaida habishani nao hadharani. Huchukua upinde wake akahamia kambi nyingine. Mgeni anayeingia kambini akiuliza "kiongozi wenu ni nani?" ataonyeshwa mtu, kwa kawaida yule anayezungumza Kiswahili vizuri zaidi, na tangu siku hiyo mtu huyo anakuwa kiongozi kwa sababu tu aliulizwa. Nimeona kosa hili likirudiwa na watu wenye nia njema kabisa. Badala yake, tembelea kila kambi, zungumza na wanawake peke yao na wanaume peke yao, tafuta mkalimani wa Kihadzabe asiye na maslahi katika biashara, na uandike pia nani aliondoka wakati wa mazungumzo. Kuondoka kwake ni jibu.

Jipe angalau msimu mmoja wa kiangazi na mmoja wa masika kwa kazi hii. Kambi utakayoikuta Agosti huenda isiwepo mahali pale Machi, na makubaliano yaliyofanywa na watu wanane hayawezi kuwafunga wengine arobaini waliokuwa wanakula asali upande wa pili wa bonde.

Hatua ya pili: Hakikisha ardhi iko salama

Utalii unapandisha thamani ya ardhi, na ardhi yenye thamani isiyo na karatasi ina wawaniaji wengi. Bonde la Yaeda ni mfano wa karibu. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka nje, iliyokuwa imeruhusiwa kuingia eneo hilo, ilijiondoa baada ya Wahadzabe na watetezi wao kupaza sauti. Kelele ile iliwaokoa kwa wakati ule, lakini hakuna anayeweza kupiga kelele kila mwaka. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hilo walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, na ulinzi wao ukapata msingi wa kisheria.

Katika kijiji chako fuata mpangilio huu. Anza kwa kuuliza ofisi ya mtendaji wa kijiji kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na kama mipaka yake na majirani imekubaliwa, maana mgogoro wa mpaka ulionyamaza kwa miaka ishirini huamka siku hema la kwanza la wageni linapofungwa. Kisha uliza kuhusu mpango wa matumizi ya ardhi, ambao unaongozwa na Sheria ya mwaka 2007, na uangalie kama eneo mnalotaka kuwapeleka wageni limetengwa kwa malisho, kilimo, makazi au hifadhi. Kama halikutengwa kwa shughuli inayolingana na utalii, mpango ufanyiwe marekebisho kwanza. Baada ya hapo ndipo mzungumzie hati ya kimila ya kikundi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ambayo hutolewa na halmashauri ya kijiji na kusajiliwa wilayani.

Kumbuka mambo mawili ambayo wawekezaji husahau kwa makusudi. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, hata kama mwenyekiti amekwisha kula chakula cha mchana na mwekezaji mjini. Pia, mtu asiye raia hamilikishwi ardhi ya kijiji, kwa hiyo karatasi yoyote inayosema vinginevyo ipelekwe kwa mwanasheria kabla ya mtu yeyote kuweka dole gumba.

Hatua ya tatu: Ridhaa inayoweza kukataa

Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na mkutano mkuu, unaowahusu wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Tumia vyombo hivi vilivyopo. Usiunde "kamati ya utalii" juu yake kabla vyenyewe havijazungumza.

Panga mikutano mitatu kwa jambo moja. Mkutano wa kwanza ni wa kueleza tu, bila kura. Eleza idadi ya wageni inayotarajiwa, siku watakazokuja, wataingia wapi, watapiga picha gani, na jambo ambalo waratibu wengi huliruka, yaani hasara: kuni, maji, watoto watakaokwepa shule kufuata pipi, ng'ombe watakaozuiwa kunywa wakati kambi ina wageni. Watu warudi nyumbani wakazungumze. Mkutano wa pili, baada ya wiki tatu au nne, ni wa maswali na masharti. Wa tatu ndio wa uamuzi, nao uwe na njia halali ya kukataa, au kukubali kwa muda wa majaribio wa miezi sita.

Muhtasari uandikwe papo hapo, usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, utafsiriwe kwa lugha ya kijiji, kisha uwekwe sahihi na mhuri. Nakala moja ibaki kwa mtendaji, moja wilayani, na moja kwa mtu wa kijiji asiye na cheo chochote. Hiyo nakala ya tatu ndiyo iliyowahi kunisaidia zaidi: ofisi ilipobadilisha mtendaji na faili kupotea, mama mmoja aliitoa chini ya godoro ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa sukari.

Hatua ya nne: Amueni kisichouzwa

Kazi hii inafaa ifanyike kabla ya kuamua kinachouzwa. Kaeni na wazee na kina mama, mkauliza ni nini ambacho mgeni hatakiona kwa bei yoyote. Kwa Wahadzabe jibu mara nyingi ni epeme, ngoma takatifu inayochezwa usiku usio na mwezi, gizani kabisa. Kuileta mchana mbele ya kamera ni kuiua, na kambi inayoombwa "onyesho fupi la epeme" iwe na haki ya kusema haipo, bila kueleza zaidi. Maeneo ya matambiko, maombolezo na tohara yaingizwe kwenye orodha hiyo hiyo, nayo iandikwe na kuwekwa katika kila mkataba.

Yaliyobaki yapangwe kwa macho ya wenyeji. Wageni wengi hufika Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, wakiwa wameahidiwa uwindaji wa alfajiri, huondoka hotelini saa kumi na moja na kurudi saa nne wakiwa na picha za upinde. Uwindaji huo uwe wa kweli, maana yake wakati mwingine watu watarudi mikono mitupu na mgeni hatarudishiwa pesa. Mnyama asiuawe kwa ajili ya kamera. Mimi ningeshauri zaidi kuchimba mizizi na kina mama: wanakaa chini ya kivuli, wanasikiliza udongo kwa kugonga kijiti, wanakata kipande na kukichoma pale pale, na mgeni ambaye kwa saa mbili amekaa na kutafuna nyuzi za mzizi mtamu kidogo ataelewa zaidi chakula cha watu hawa kinatoka wapi kuliko aliyekimbia nyuma ya mbwa. Wahunzi wa Kidatoga, wanaoyeyusha vyuma chakavu kutengeneza bangili na vichwa vya mishale, wana shughuli yao tayari. Wanachohitaji ni bei iliyoandikwa ili mgeni asibishane na mzee juu ya shilingi elfu mbili.

Wekeni kikomo cha magari kwa siku kwa kila kambi, na siku moja ya wiki isiyo na wageni kabisa. Picha za watoto ziruhusiwe kwa idhini ya mzazi aliyepo pale, si ya dereva.

Hatua ya tano: Chombo cha biashara

Hapa njia inajulikana, kwa hiyo nitakwenda haraka. Kikundi kisajili jina la biashara au kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kipate namba ya mlipa kodi TRA, mamlaka ya mapato, kifungue akaunti ya benki yenye waweka saini watatu, angalau mmoja wao mwanamke, na kiombe leseni ya biashara ya utalii, ile ambayo wenye kazi huiita TALA, chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Bodi ya Utalii Tanzania ina ofisi Arusha inayoshughulikia miradi ya utalii wa utamaduni. Mpango huo ulianza katikati ya miaka ya 1990 na vijiji kama Longido na Mto wa Mbu, hivyo nendeni mkaangalie waliotangulia kabla hamjabuni upya. Kama eneo lenu lina wanyamapori wengi na vijiji kadhaa viko tayari kuungana, kuna njia ya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, kama Enduimet wilayani Longido au Burunge wilayani Babati, ingawa njia hiyo ni ndefu na serikali hushika sehemu ya mapato.

Hatua ya sita: Pesa, kutoka mkononi mwa mgeni hadi mfukoni mwa kijiji

Nitakaa hapa kwa muda, kwa kuwa hapa ndipo miradi mingi huvunjikia.

Mfumo wa zamani unafahamika kwa kila mtu aliyewahi kupanda gari la watalii. Dereva anasimamisha gari kwenye boma, anashuka peke yake, anazungumza na mtu mmoja nyuma ya uzio, noti zinabadilishana, na wageni wanaingizwa. Mgeni hajui alilipa kiasi gani kwa nani, na mwenye boma hajui mgeni alitoa kiasi gani. Kati yao kuna pengo, na dereva anaishi ndani ya pengo hilo. Simlaumu sana, kwani mishahara ya madereva ni midogo na hakuna aliyewahi kumpa njia nyingine.

Dawa yake ni lango moja, bei moja iliyobandikwa, na malipo yasiyopita kwa dereva. Kampuni ya utalii ilipe mapema benki au kwa lipa namba ya kikundi, na gari lipokelewe na mwongozaji wa kijiji mwenye stakabadhi ya nakala tatu: moja ya mgeni, moja ya kampuni, moja ya kitabu. Dereva apewe posho ya wazi iliyoandikwa kwenye mchanganuo, pamoja na chai na kivuli, ili asione lango kama adui wake.

Chukulia gari lenye wageni wanne, kila mmoja akilipa shilingi 50,000, jumla 200,000. Mgawo mmoja unaoweza kujadiliwa ni shilingi 80,000 kwa kambi au boma lililotembelewa, 60,000 kwa mfuko wa kijiji, 30,000 kwa mwongozaji na 30,000 kwa uendeshaji, posho ya dereva ikiwa ndani yake. Viwango hivi ni vya kuanzia mazungumzo tu. Kisichojadiliwa ni kwamba mgawo uandikwe kwenye ubao nje ya ofisi ya kijiji, kwa herufi kubwa, na jumla ya kila mwezi iongezwe chini yake.

Uwiano kati ya anayebeba mzigo na wengine ni jambo gumu. Katika Burunge, kijiji cha Minjingu kilikuwa na mapato ya wawekezaji kwenye ardhi yake, na baada ya kuingia katika jumuiya mapato hayo yakagawanywa na vijiji vingine wanachama. Manung'uniko yaliyofuata yalidumu miaka. Usawa wa mgawo kwa vichwa unaonekana wa haki kwenye karatasi, lakini kijiji kinachovumilia magari, tembo na kufungwa kwa malisho kitauliza kwa nini kinapata sawa na kile kisichowahi kumwona mgeni. Kata sehemu ya mzigo kwanza, kisha gawanya iliyobaki.

Swali la pombe haliepukiki upande wa Eyasi. Fedha taslimu zilizoachwa kambini zimenunua pombe nyingi, na wageni wengi wamesikitika kana kwamba si noti zao. Mratibu asijifanye mlezi wa watu wazima. Katika kambi moja niliyofanya nayo kazi, kina mama wenyewe walitaka sehemu ya kambi ilipwe kwa unga, dawa na vifaa vya shule vinavyochukuliwa kwenye duka walilolichagua, na wanaume wakakubali baada ya mabishano ya siku mbili na kubakiziwa theluthi moja taslimu. Uamuzi huo ungetoka kwangu ungekuwa dharau. Ulipotoka kwao ulishikwa.

Mwisho kuhusu pesa, hesabu magari kwa njia ya pili isiyotegemea stakabadhi. Kijiji kimoja kilimpa kazi hiyo mzee aliyekaa chini ya mgunga karibu na njia panda. Hakujua kuandika, kwa hiyo kila gari la wageni lilipopita alitumbukiza kokoto moja kwenye kopo la maziwa. Mwisho wa mwezi tulimwaga kokoto mkekani mbele ya halmashauri na kuzihesabu kwa sauti: 41. Stakabadhi zilikuwa 26. Hakuna aliyetaja jina la mtu. Mzee aliuliza tu, "Mwanangu, hayo mengine kumi na tano yalipita angani?" Mwezi uliofuata tofauti ilikuwa gari moja.

Hatua ya saba: Waongozaji na mikataba

Waongozaji wachaguliwe na vitongoji, wawe wanaume kwa wanawake, na wafundishwe huduma ya kwanza, hesabu ya stakabadhi, Kiingereza cha kazi, na namna ya kumzuia mgeni kwa adabu. Somo hilo la mwisho lifanyiwe mazoezi hasa, kwa kuwa kijana aliyelelewa kuheshimu mgeni hupata shida kumwambia mtu wa umri wa babu yake ashushe kamera.

Mikataba na kampuni isizidi miaka mitatu mwanzoni, iwe kwa Kiswahili na Kiingereza na tafsiri ya Kiswahili ndiyo yenye nguvu pakitokea utata, na iwe na kifungu cha kuvunja kwa notisi ya siku 60 kwa kosa la kurudia. Kwa wenye ndoto ya kujenga loji, mtazame Il Ngwesi ya Laikipia, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwenye ranchi ya kikundi ya Wamasai na kupata Tuzo ya Equator mwaka 2002. Wanakijiji ndio wamiliki wa jengo. Lakini ilianza na nyumba sita tu, ikiwa na ardhi ya pamoja na msaada wa jirani mwenye uzoefu wa hifadhi, mambo ambayo kijiji chako huenda hakina bado.

Hatua ya nane: Mwaka wa kwanza

Msimu mkubwa ni Juni hadi Oktoba, na wengine huja Desemba hadi Februari. Masika ya Machi hadi Mei hufanya njia za Yaeda zisipitike, kwa hiyo matumizi ya mwaka mzima yapangwe kutokana na mapato ya miezi saba au minane. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, vijiji vilivyotegemea magari peke yake vilibaki na bangili zisizo na mnunuzi. Wahadzabe wa Yaeda walikuwa na mapato ya kuuza kaboni ya misitu yao, yaani malipo ya kuitunza isikatwe, yasiyohitaji mgeni kufika. Tengeni akiba ya miezi mitatu ya uendeshaji kabla ya kununua chochote cha fahari, pikipiki ya kikundi ikiwemo.

Mkutano wa mapitio uitishwe Aprili, wakati hakuna magari na watu wana nafasi. Uanze kwa kusoma orodha ya visivyouzwa na kuuliza kama kuna kilichouzwa, kisha hesabu, kisha swali la kama kijiji kinataka kuendelea, kupunguza au kusimama mwaka mmoja. Mratibu asiongoze kikao hicho. Akae upande wa mashahidi, na kopo la kokoto liwekwe mkekani kabla ya vitabu.